Ziara ya magharibi na kusini mwa India yataka kupangwa kwa siku

Na Mwandishi Wetu

MTALII anayezuru magharibi na kusini mwa India aweza kusafiri mamia ya kilomita na kukuta lango limefungwa. Mapango ya Elephanta na ya Ajanta hufungwa kila Jumatatu, na yale ya Ellora kila Jumanne. Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ya mwongoza watalii si kusimulia historia, bali kupanga siku.

Ziara nyingi huanzia Mumbai, penye lango la mawe la Gateway of India, lililokamilika mwaka 1924 kwa kumbukumbu ya ujio wa Mfalme George V mwaka 1911. Karibu na lango hilo watalii hupanda boti kwa takriban saa moja hadi kisiwa cha Elephanta, chenye sanamu kubwa za mungu Shiva zilizochongwa ndani ya mwamba.

Kituo kinachofuata, upande wa mashariki, ni Aurangabad, mji uliobadilishwa jina rasmi kuwa Chhatrapati Sambhajinagar mwaka 2023. Mji huo ulianzishwa mwaka 1610 kwa jina la Khadki na Malik Ambar, mzaliwa wa Ethiopia aliyeuzwa utumwani, kisha akapanda hadi kuwa mtawala halisi wa dola ya Ahmadnagar.

Ellora iko kiasi cha kilomita 30 kutoka mjini, na ina mapango 34 ya dini za Budha, Hindu na Jain. Pango namba 16, Kailasa, ni hekalu zima lililochongwa kutoka mwamba mmoja katika karne ya nane, kuanzia juu kwenda chini. Ajanta, yenye michoro ya kale ya Kibudha, iko umbali wa kilomita 100 hivi na huhitaji siku nzima. Anayefika mjini Jumapili jioni aanze na Ellora Jumatatu, kisha Ajanta Jumanne. Akigeuza mpango huo, atakosa zote mbili.

Kusini zaidi ni Goa, iliyotawaliwa na Wareno tangu mwaka 1510 hadi 1961. Katika kanisa la Bom Jesus umehifadhiwa mwili wa Mtakatifu Francis Xavier, aliyepitia Malindi mwaka 1542 akielekea India. Kutoka Goa, msafara huingia bara hadi Hampi, magofu ya mji mkuu wa Vijayanagara ulioteketezwa mwaka 1565, na baadaye Mysore, ambako kasri la kifalme huwashwa taa Jumapili jioni.

Mwisho ni Kochi, mji wa pwani wenye nyavu kubwa za Kichina. Hapo alifia Vasco da Gama mwaka 1524, na mabaki yake yakahamishiwa Ureno mwaka 1539. Safari yake ya kwanza hadi India, mwaka 1498, ilifanikiwa kwa msaada wa rubani wa bahari aliyempata Malindi.

Majira mazuri ya ziara ni Novemba hadi Februari, kwani mvua za kusi hunyesha kwa nguvu kuanzia Juni hadi Septemba. Kabla ya kulipa, msafiri aombe ratiba inayotaja siku ya juma kwa kila kituo, na adai kuona kitambulisho cha mwongozaji mwenye leseni ya serikali.