SolidWorks na kiini cha mshindani

Wadau, hili limenikaa kichwani wiki nzima. SolidWorks, programu ya kuchorea mashine na vipuri kwenye kompyuta, ni mali ya Dassault Systèmes ya Ufaransa, iliyoinunua mwaka 1997 kwa dola milioni 310. Lakini kiini kinachopiga hesabu za maumbo ndani yake, Parasolid, ni cha Siemens ya Ujerumani, ambayo nayo inauza NX na Solid Edge. Yaani Dassault anamlipa leseni mshindani wake!

Kwa wasioifahamu fani hii: ukitoboa tundu kwenye kipande cha chuma pale kwenye skrini, programu hukiuliza kiini nyuso zinakutana wapi. Kukiandika kiini ni kazi ya miaka mingi, ndiyo maana kampuni nyingi hukodi.

Mambo yalianzia Cambridge, Uingereza. Mwaka 1974 Ian Braid, Alan Grayer, Charles Lang na Peter Veenman walianzisha kampuni ya Shape Data. Ikatoa kiini kiitwacho Romulus, na baadaye mrithi wake, Parasolid. Lakini katikati ya miaka ya 1980 Braid, Grayer na Lang walikuwa wameshajitoa, wakaandika ACIS kwa ajili ya Spatial ya Marekani, kikaingia sokoni mwaka 1989. Inasemekana herufi tatu za mwanzo ni Alan, Charles na Ian. Kwa hiyo mahasimu hawa wawili ni watoto wa nyumba moja.

Parasolid ilipita mikono mingi hadi Siemens iliponunua kampuni ya UGS mwaka 2007. ACIS yenyewe iliangukia kwa Dassault mwaka 2000, na hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Autodesk, wenye AutoCAD, walikuwa wakikodi ACIS. Ghafla wakajikuta wapangaji wa mshindani. Mwaka 2001 wakachukua msimbo wa toleo la 7 na kujijengea kiini chao, ShapeManager. Spatial ikakimbilia mahakamani, ikashindwa mwaka 2003.

Sasa kwa nini Dassault, mwenye ACIS na kiini kingine cha CGM, asiihamishe SolidWorks? Mimi hesabu ziliniacha zamani, lakini hili nimelielewa. Autodesk waliondoka na msimbo uleule. Dassault angehamia kiini tofauti. Faili la SolidWorks hutunza hatua zote za mchoro, na kiini kipya kinaweza kukadiria umbali mdogo mno kwa namna yake, kona iliyokubali kulainishwa jana ikagoma leo. Mteja mwenye mafaili elfu kumi hatakuelewa.

Solid Edge iliwahi kuhama, kutoka ACIS kwenda Parasolid, mwaka 1998. Wakati huo ilikuwa na miaka miwili tu sokoni. SolidWorks inarundika mafaili ya wateja tangu 1995.