Jembe la Mgeni, Mzigo wa Mwenyeji: Makazi Mapya Nachingwea na Ruangwa

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, maelfu ya watu waliuvuka mto Ruvuma na kuingia kusini mwa Tanzania. Wengi walikuwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, watu waliokaa kingo zote mbili za mto kabla wakoloni hawajachora mpaka. Kwa hivyo wengi wao hawakupokewa na maafisa, bali na jamaa na watani.

Lakini wageni walizidi akiba ya ghala za wenyeji, na hapo ndipo ulipohitajika utaratibu. Mwaka huohuo wa 1964 Shirikisho la Walutheri Duniani liliunda chombo cha kuhudumia wakimbizi, TCRS, na kazi ikagawanywa pande tatu. Serikali ilitoa ardhi na kusimamia utawala. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilitafuta fedha. TCRS ikafungua barabara, ikachimba visima, ikajenga shule na zahanati. Hivyo ndivyo yalivyozaliwa makazi ya Rutamba, Lindi, mwaka 1965, na baadaye Matekwe, wilayani Nachingwea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni alipewa jembe, na shamba la kulilimia.

Fadhila hiyo ilikuwa na sharti lake. Sheria ya wakimbizi ya 1965 iliipa serikali mamlaka ya kumwamuru mkimbizi akae katika makazi aliyopangiwa, asitoke ila kwa ruhusa.

Zamu ya mwenyeji ilifika Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Nachingwea na Ruangwa, Wamwera na jirani zao walikuwa wamezoea kukaa kwa kutawanyika, kila mmoja karibu na mikorosho yake. Operesheni ya kuhamia vijijini haikuwa na mkataba wa pande tatu. Mara nyingi watu walitangulia, maji na zahanati vikafuata nyuma, na mikorosho ikabaki mbali na mwenyewe. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho tani zipatazo 145,000. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Bei ndogo na ubwiriunga vilichangia, lakini mti usiopaliliwa nao huadhibu.

Mei 1975 Samora Machel aliondoka Nachingwea, ilipokuwa kambi ya mafunzo ya FRELIMO, akavuka Ruvuma na kuanza safari ndefu ya kuelekea kusini. Msumbiji ikawa huru Juni 25, na wakimbizi wengi wakarejea kwao. Wenyeji hawakuwa na kwao pengine pa kurejea. Walibaki katika vijiji vipya, na vingi kati ya hivyo ndivyo vilivyo leo katika wilaya ya Nachingwea na ile ya Ruangwa, iliyoanzishwa 1995.

Historia hizi mbili hukutana mahali pamoja. Mgeni alipangiwa huduma kwa ustadi, mwenyeji akahamishwa kwa haraka. Lakini si mmoja wala mwingine aliyekuwa na kiti katika baraza lililoamua nyumba yake isimame wapi. Uratibu uliokamilika ungekuwa wa pande nne.