Njia ya Jiwe Lililotupwa

Hakuna mtoto aliyelelewa karibu na mwembe asiyepata kuokota jiwe na kulitupia embe lililoiva. Mara ya kwanza jiwe hupita chini, mara ya pili hupita juu, na mara ya kumi embe huanguka. Mkono wa mtoto yule umekwisha kujifunza jambo ambalo kinywa chake hakiwezi kulieleza. Nawe msomaji, ukiulizwa leo jiwe lile lilifuata njia gani tangu lilipoacha mkono hata lilipogusa majani, waweza kujibu? Usione haya ukisita. Swali hili liliwasumbua wenye hekima kwa muda wa karibu miaka elfu mbili, na yamkini wengi wao walitupa mawe utotoni kama wewe.

Bingwa ambaye jibu lake lilitawala vyuo kwa muda mrefu alikuwa Aristotle wa Uyunani, aliyeishi tangu 384 hata 322 K.K. Alisema kwamba kila kitu kina mahali pake. Mahali pa jiwe ni chini. Kwa hiyo likiachwa huteremka kwa tabia yake lenyewe, kama mtu arudiye kwao. Kwenda kwake juu au kando ni mwendo wa kulazimishwa, na mwendo wa kulazimishwa hauna budi kuwa na mlazimishaji. Hapo ndipo shida ilipozaliwa. Jiwe likiwa mkononi, mlazimishaji ni mkono. Lakini likiisha kutoka mkononi, ni nani alisukumaye? Aristotle alijibu kuwa ni hewa. Mkono huitia hewa nguvu, nayo hewa hulisukuma jiwe mbele, tabaka baada ya tabaka, mpaka nguvu ikaisha.

Usicheke upesi. Mtu aliyeuliza swali hilo aliona shida ambayo wengi wetu hupita juu yake bila kuiona. Walakini jibu lake lilikuwa na ufa. Katika karne ya 6 mwalimu mmoja wa Iskandaria katika Misri, John Philoponus, ambaye Waarabu walimwita Yahya an-Nahwi, aliuliza: ikiwa hewa ndiyo isukumayo, mbona hatuwezi kulirusha jiwe kwa kuipepea hewa iliyo nyuma yake? Aliona ni afadhali kusema kwamba mkono hulitia nguvu jiwe lenyewe. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa mashuhuri aliyekufa mwaka 1037, alikwenda mbele zaidi, akasema nguvu hiyo haipotei yenyewe bali huondolewa na vizuizi vya njiani. Maneno hayo yalikaribia sana kweli. Lakini yalikuwa maneno ya watu waliokaa na kufikiri, na hayakuwa yamepimwa kwa kipimo chochote.

Kilichowalazimisha watu kupima kilikuwa mzinga. Mwenye upinde akikosa shabaha alipoteza mshale. Mwenye mzinga akikosa alipoteza baruti, tufe la chuma, na pengine mji. Hata hivyo macho yalizidi kutii mafundisho ya kale. Katika kitabu kimoja kilichochapwa mwaka 1561 imo picha ya tufe la mzinga likipanda kwa mstari ulionyoka kama rula, na likifika mwisho linageuka ghafula na kuanguka wima. Hakuna aliyepata kuona kitu kama hicho. Mchoraji alichora alichoamini.

Sasa nataka nikuambie habari za mtu mmoja ambaye maisha yake yalifungamana na jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1512 majeshi ya Ufaransa yaliuteka mji wa Brescia katika Italia, yakaua watu wengi. Baadhi ya wenyeji walikimbilia katika kanisa kuu wakidhani watasalimika. Miongoni mwao alikuwamo mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, jina lake Niccolò, ambaye baba yake alikuwa amekwisha kufa. Askari mmoja alimkata kwa upanga kichwani na usoni, taya likapasuka, hata asiweze kula wala kusema. Mama yake hakuwa na fedha za tabibu. Alikumbuka kwamba mbwa aliyejeruhiwa hujilamba akapona, basi akawa akiyasafisha majeraha ya mwanawe siku baada ya siku, mpaka yakafunga. Mtoto aliishi, ila ulimi wake ulibaki mzito, na wenziwe wakambandika jina la Tartaglia, maana yake mwenye kigugumizi. Hakulikataa. Alipokuwa mtu mzima alilitia jina hilo katika vitabu vyake, na ndilo tumjualo kwalo.

Shuleni hakukaa sana. Fedha za mwalimu zilikwisha kabla hajamaliza herufi za alfabeti, na hesabu alijifunza mwenyewe. Lakini alijifunza vema, hata mwaka 1531, alipokuwa mwalimu katika mji wa Verona, rafiki yake mmoja aliyekuwa mpiga mzinga alimwendea na swali: mzinga uinuliwe kwa pembe gani ili tufe lifike mbali kuliko pote? Tartaglia alifikiri, akajibu: nyuzi 45, nusu ya pembe ya wima. Mpiga mzinga mwingine hakukubali, akasema iwe chini ya hapo. Waliwekeana dau, mzinga ukapigwa, na Tartaglia akashinda.

Angalia hapa, maana jambo hili ni la ajabu kidogo. Jibu lilikuwa sahihi, lakini sababu zake hazikuwa sahihi. Tartaglia bado aliigawa njia ya tufe katika vipande vitatu: mstari ulionyoka, kisha tao, kisha mstari wa wima wa kuanguka. Alikuwa amefika mlangoni kwa kupitia njia isiyokuwapo. Mambo kama haya hutokea katika elimu mara nyingi kuliko wanavyokubali waandishi wa vitabu vya shule.

Baada ya kushinda dau alianza kuandika kitabu juu ya elimu hiyo. Ndipo moyo ukamsuta. Yeye, ambaye uso wake ulikuwa na makovu ya vita, alikuwa akiwafundisha watu namna ya kuwaua wenzao kwa ustadi zaidi. Aliona ni jambo la aibu na la ukatili, linalostahili adhabu ya Mungu. Akayachoma maandiko yake na kuacha kazi. Laiti hadithi ingeishia hapo, tungemsifu na kumsahau. Lakini ilivuma habari kwamba Sultani Suleiman wa Waturuki anaandaa majeshi kuishambulia Italia, na Tartaglia akaona kwamba kunyamaza nako ni kuwaacha watu wake bila kinga. Mwaka 1537 alikichapisha kitabu chake katika mji wa Venice. Je, alifanya vema? Mimi namwelewa alipochoma na namwelewa alipochapisha, wala siwezi kusema ni wakati gani kati ya hizo mbili alikuwa mtu mwema zaidi. Wewe huenda utakata shauri mwenyewe. Miaka tisa baadaye, katika kitabu kingine, alisahihisha kosa lake kwa sehemu: alisema wazi kwamba hakuna kipande cha njia ya tufe kilichonyoka hasa, hata kimoja, kwa kuwa uzito hulivuta tufe chini tangu mwanzo wa safari. Alifariki mwaka 1557.

Ukipata nafasi ya kufika Mombasa, zitazame kuta za Fort Jesus. Ujenzi wake ulianza mwaka 1593, na aliyeichora ngome hiyo alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, aliyewatumikia Wareno. Zile pembe zake zilizochomoza hazikuwekwa kwa urembo. Ziliwekwa ili mizinga ya ndani iweze kuufagia uso wa ukuta, adui asipate mahali pa kujibanza. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1592, Mtaliano mwingine, Galileo Galilei, alianza kufundisha hesabu katika Chuo Kikuu cha Padua. Na kwa kuwa mshahara haukumtosha, alifundisha wanafunzi wengine nyumbani kwake, na somo moja alilowapa ni ujenzi wa ngome. Basi elimu iliyosimamishwa kwa mawe ya matumbawe katika pwani yetu ndiyo iliyokuwa ikifundishwa kwa karatasi na wino kule Padua.

Galileo alianza mahali ambapo wengine hawakuanza. Hakuuliza nani alisukumaye jiwe. Aliuliza: katika muda fulani, jiwe huenda umbali gani? Na kwa kuwa jiwe liangukalo huenda mbio mno, na saa nzuri hazikuwapo, alibuni hila ya kuupunguza mwendo. Alichukua ubao mrefu wa dhiraa 12 hivi, akauchonga mfereji laini, akauinamisha kidogo, akabingirisha humo tufe la shaba. Kwa kupima muda alitumia ndoo ya maji yenye mrija mwembamba: maji yalidondoka katika bilauri wakati tufe likishuka, kisha akayapima kwa mizani. Maji mengi, muda mwingi. Alirudia jaribio hilo mara nyingi sana, na kila mara akakuta kanuni ile ile. Ikiwa katika kipande cha kwanza cha muda tufe limekwenda hatua 1, katika cha pili huenda 3, katika cha tatu 5, katika cha nne 7. Zijumlishe: 1, 4, 9, 16. Umbali wote ni muda uliozidishwa kwa muda.

Ufunguo ulikuwa umepatikana. Galileo akasema: mwendo wa jiwe lililotupwa ni miendo miwili iliyoungana, wala mmoja haumzuii mwenziwe. Mmoja huenda mbele kwa kasi isiyobadilika, kwa sababu hakuna kinachousukuma wala kinachouzuia ila hewa. Wa pili huanguka kwa kanuni ile ya 1, 4, 9. Chukua karatasi ujaribu. Tuseme jiwe limetupwa kutoka juu ya jabali refu, likielekea mbele kwa usawa, mita 10 kila sekunde. Baada ya sekunde 1 limefika mita 10 mbele na limeshuka karibu mita 5. Baada ya sekunde 2 liko mita 20 mbele, limeshuka 20. Baada ya sekunde 3 liko mita 30 mbele, limeshuka 45. Tia nukta hizo na uziunge. Mstari uupatao ni ule ambao Wayunani walikuwa wameujua karne nyingi kabla kwa kukata umbo la koni, nao huitwa parabola. Wao waliuchunguza kwa kuupenda tu, bila kudhani kwamba ndiyo njia ya kila jiwe la mtoto.

Kwa kanuni hiyo Galileo alionyesha sababu ya kweli ya zile nyuzi 45. Ukielekeza juu mno, tufe hukaa hewani muda mrefu lakini haliendi mbele. Ukielekeza chini mno, huenda mbele kwa kasi lakini ardhi hulipokea mapema. Katikati ndipo faida mbili zinapokutana. Alionyesha pia kwamba nyuzi 40 na nyuzi 50 hufikisha tufe mahali pamoja, vivyo hivyo 30 na 60. Katika kitabu chake msemaji mmoja anafurahi kwamba jambo alilolisikia kwa wapiga mizinga sasa analijua kwa sababu yake, na kulijua hivyo kunapita kusikia.

Kitabu hicho kilichapwa mwaka 1638 katika mji wa Leiden, Uholanzi, kwa kuwa mtungaji wake alihukumiwa na wakuu wa kanisa mwaka 1633 na kukatazwa kuchapisha. Alikuwa na umri wa miaka 74, amefungiwa nyumbani kwake karibu na Florence, na macho yake yalikuwa yamekwisha kupofuka.

Sikufichi kwamba hewa, ambayo Galileo aliitaja na kuiweka kando, ilirudi kudai haki yake. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alipiga risasi katika gogo lililoning'inizwa, na kwa kupima jinsi gogo lilivyoyumba akapata kasi ya risasi. Kwa hesabu ya parabola risasi yenye kasi ya futi 1,700 kwa sekunde ingeweza kuruka maili 17. Kwa kweli haikufika hata maili moja. Na Mkenya Julius Yego, aliyeshinda ubingwa wa dunia mjini Beijing mwaka 2015 kwa mkuki wa mita 92.72, hakuhitaji kuurusha kwa nyuzi 45. Watupaji hodari wa mkuki hutumia pembe ya chini zaidi, kwa sababu mkono husukuma kwa nguvu zaidi ukielekea mbele, na hewa yenyewe huubeba mkuki kiasi.

Lakini hapo penye mwendo mfupi na kitu kizito, Galileo hajashindwa bado. Weka sarafu moja ukingoni mwa meza na nyingine uishike mkononi kwa kimo kile kile. Mwambie mwenzio aipige ile ya mezani iruke upande wa pili wa chumba, nawe wakati huo huo uiachilie yako ianguke wima. Fumba macho usikilize. Kama meza ina kimo cha sentimita 80, kila sarafu itachukua takriban sehemu nne za kumi za sekunde kufika sakafuni, na sauti utakayoisikia ni moja.