Vitufe Vitano na Kibuyu cha Mursik

Wasee, kuna siku nilikaa saiba hapa Eldoret mpaka pesa ikaisha, sababu ya vitufe vitano tu. Nilivitengeneza kwa lupu ya JavaScript, nikavipa namba 0 hadi 4. Nabonyeza cha kwanza, kinasema 5. Cha pili, 5. Vyote 5! Nikatoka nikijiambia hii kitu si ya watu kama sisi.

Kilichonirudisha ni historia.

Miaka ya 1930, kabla kompyuta za leo hazijakuwepo, Mmarekani Alonzo Church alibuni hesabu ya funksheni kwa kalamu na karatasi. Mwaka 1958, John McCarthy akaanza kuunda Lisp, lugha ambayo orodha ndiyo moyo wake: unaipa orodha funksheni, inapitia kila kilichomo. Mwaka 1964, Mwingereza Peter Landin akaleta jina kloja: funksheni inayotoka ilikozaliwa ikiwa imebeba vitu vya kwao. Lugha ya Scheme ikalishika wazo hilo mwaka 1975, na Brendan Eich akalichota huko alipounda JavaScript kwa siku 10 mwaka 1995.

Sasa fikiria mtu anayetoka nyumbani na kibuyu chake cha mursik. Popote atakapofika, anakunywa cha kwao. Hiyo ndiyo kloja. Shida yangu? Nilitumia `var`, kwa hivyo vitufe vyote vitano vilibeba kibuyu kimoja. Kufika wakati wa kunywa, lupu ilikuwa imeshamaliza na kuacha 5 ndani. `let`, iliyoingia mwaka 2015, humpa kila mmoja kibuyu chake.

Ndiyo maana sipendi tukifundishwa kukopi tu bila kuambiwa mambo yalitoka wapi. Ukikwama unadhani wewe ndiye mjinga, kumbe umekwama mahali ambapo dunia nzima ilikwama miaka 20.

Na usiseme huna laptop. Church pia hakuwa nayo. Chukua daftari, andika wakimbiaji unaowajua. Chuja wa marathoni pekee. Geuza kila jina liwe muda wake bora. Kisha tafuta muda mdogo kuliko yote. Hatua tatu, kila moja ikiikabidhi inayofuata kijiti, na ile orodha ya kwanza haijaguswa.

Hapo umeshaanza kuprogramu, buda. Kompyuta itakukuta njiani.