Nani Asogeze Kisanduku?

Juzi nikiwa Bungoma nilimtazama fundi wa mabango akisogeza maneno kwa kipanya, kidogo kidogo, kwenye tangazo la mazishi. Niliporudi Kitale nikampa wakala wa akili bandia kazi kama hiyo. Alimaliza kwa sekunde chache, ila alipoikuza picha ya marehemu, ikafunika tarehe ya maziko.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1963 Ivan Sutherland alitoa Sketchpad pale MIT: unachora kwa kalamu ya mwanga, unaweka sharti kwamba mistari iwe sambamba, kompyuta inaisogeza yenyewe. Mwaka 1985 ikaja PageMaker, lakini kurasa zilipangwa kwa mkono wa mtu. Mwaka 2019 Figma ikafungulia mlango programu-jalizi: x na y hubadilishwa moja kwa moja, ukubwa kwa amri ya resize. Mawakala wengi wa leo hupitia milango ya namna hiyo.

Kosa langu? Mtumiaji wa Sketchpad alitanguliza sharti. Mimi nilisema tu "panga vizuri". Sasa naanza hivi: tarehe isifunikwe. Kisha nakagua mwenyewe kabla ya kuchapa. Waombolezaji wakikosa siku, hakuna kitufe cha kuirudisha.

Nyinyi mnaonaje?