Kafili na Kibali: Chimbuko la Udhamini wa Wafanyakazi Wageni katika Nchi za Ghuba

Mfumo wa kafala, ambao kwao mgeni aliyeajiriwa katika nchi za Ghuba huruhusiwa kuingia, kukaa na kufanya kazi kwa dhamana ya mwenyeji mmoja aitwaye kafili, husemwa mara kwa mara kuwa ni desturi ya kale ya Waarabu, iliyotokana na heshima ya kumhifadhi mgeni jangwani. Maelezo hayo yanapendeza, ila hayatoshi. Katika fiqhi ya Kiislamu kafala ni mkataba ambao mtu hujitolea kubeba deni au wajibu wa mwenzake, na mzigo wake humwelemea mdhamini. Kafala ya vibali vya ukaazi imeugeuza uhusiano huo juu chini, kwa kuwa aliyedhaminiwa ndiye anayebanwa, naye mdhamini ndiye anayepata mamlaka. Mgeuko huo ulifanyika katika ofisi za utawala wa karne ya 20, na ili kuuelewa ni lazima kuanzia baharini, kwenye biashara ya lulu.

Hadi miaka ya 1920 lulu ndizo zilizoilisha miji ya Bahrain, Kuwait na ile ya pwani iliyokuja kuwa Falme za Kiarabu. Kila kiangazi majahazi yalitweka chini ya manahodha waliowakopesha wazamiaji pesa kabla ya msimu, na mkopo huo ulimfunga mzamiaji kwa nahodha wake mwaka hadi mwaka, pengine hata mtoto akalirithi deni la baba yake. Miongoni mwa wazamiaji hao walikuwamo watumwa waliovushwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki, pamoja na wazawa wao, ambao ujira wao ulichukuliwa na mabwana. Baadhi yao walikimbilia ofisi za wawakilishi wa Uingereza, kama zile za Bahrain, Sharjah na Muscat, kuomba hati ya uhuru, kwani asiyekuwa na karatasi hiyo aliweza kukamatwa na kuuzwa tena. Inafaa jambo hili likumbukwe, kwa sababu linaonyesha kuwa Mwafrika katika Ghuba alianza kutegemea karatasi ya kumlinda muda mrefu kabla ya visima vya mafuta kuchimbwa.

Uingereza, iliyokuwa na mikataba ya ulinzi na masheikh wa eneo hilo, ilijitwalia mamlaka ya mahakama juu ya wageni waliokuwa Bahrain kwa amri iliyotungwa mwaka 1913 na kuanza kutumika mwaka 1919. Tangu hapo ikawa lazima kubainisha nani ni raia wa mtawala na nani ni mgeni, swali ambalo watu wa bandari zilizozoea Waajemi, Wahindi, Waafrika na Waarabu wa bara hawakuwa wakiulizana kwa namna hiyo. Utawala ule haukutaka kugharimia askari na makarani wa kumfuatilia kila mzamiaji, kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1920 manahodha walitakiwa kuwajibika kwa watu waliowaleta kutoka nje. Mtafiti Omar AlShehabi, ambaye amechunguza nyaraka za kipindi hicho, anaiona hatua hiyo kuwa mwanzo wa kafala ya kisheria, na hoja yake ina nguvu: kazi ya dola ya kuwasimamia wageni ilikabidhiwa mtu binafsi, tena yule yule aliyefaidika na jasho lao.

Lulu za kupandwa za Japani, pamoja na mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929, ziliiua biashara hiyo kwa kasi, lakini utaratibu wa udhamini haukufa nayo. Mafuta yalipopatikana Bahrain mwaka 1932, kisha Kuwait na Saudi Arabia mwaka 1938, kampuni ziliagiza makarani na mafundi kutoka India na kwingineko, na maofisa wa Uingereza wakawa wanatoa cheti cha kutokuwa na pingamizi, yaani tamko kwamba utawala haukatai mtu fulani aingie. Jina la cheti hicho lilidumu kuliko utawala wenyewe, kwani baadaye lilitumika kwa barua ambayo mfanyakazi alipaswa kuipata kwa mwajiri wake kabla ya kuhamia kwa mwingine. Saudi Arabia ilitunga sheria yake ya ukaazi mwaka 1952, Kuwait mwaka 1959 na Falme za Kiarabu mwaka 1973, mwaka ule ule ambao bei ya mafuta ilianza kupanda mno na mahitaji ya vibarua yakaongezeka kupita idadi ya wenyeji.

Kiini cha sheria hizo kimo katika namna zilivyounganisha ruhusa mbili zinazoweza kutenganishwa. Kibali cha kazi humruhusu mtu kuajiriwa. Kibali cha ukaazi, kinachojulikana kama iqama, humruhusu kuwepo nchini. Panapokuwa na kafili, vyote viwili huning'inia kwenye jina lake, na mfanyakazi anayeacha kazi hupoteza pia haki ya kuishi pale alipo. Kafili anaweza kutoa taarifa kwamba mtu wake ametoroka, na kwa taarifa hiyo moja aliyeingia kihalali akawa mhalifu, hata ikiwa alikimbia kwa kunyimwa mshahara au kupigwa. Waajiri wengi huzishika pasipoti pia, ingawa sheria za nchi kadhaa zinakataza. Palizuka vilevile biashara ya viza, ambapo mwenyeji asiye na kazi ya kutoa huuza udhamini wake, na mnunuzi huachwa ajitafutie riziki popote huku akimlipa mtu huyo kila iqama inapohitaji kuhuishwa.

Kwa Waswahili uhusiano na Ghuba ulikuwa wa pepo za msimu, kaskazi ikileta majahazi na kusi ikiyarudisha. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 na kuwaita wenye asili ya Oman, maelfu waliozaliwa Afrika Mashariki walihamia Muscat wakapokewa kama raia. Jirani zao wa mtaa ule ule, wenye lugha ile ile lakini wasio na nasaba ya Oman, waliofuata baadaye waliingia kwa viza ya kazi na jina la kafili. Nasaba iliamua nani arudi nyumbani na nani awe mgeni, na hakuna ujuzi wala uaminifu ulioweza kuziba pengo hilo.

Katika miongo ya karibuni mawakala wa ajira wa Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam wamepeleka Ghuba idadi kubwa ya vijana, wengi wao wanawake wa kazi za ndani. Malalamiko ya mateso yaliifanya Kenya isitishe upelekaji huo mwaka 2014, kisha ikauruhusu tena baada ya kupanga masharti mapya na makubaliano na Saudi Arabia. Upande wa Ghuba, Qatar ilifuta mwaka 2020 hitaji la ridhaa ya mwajiri kwa anayehama kazi, Oman ikafanya vivyo mwanzoni mwa 2021, na Machi mwaka huo Saudi Arabia ikawaruhusu wafanyakazi wa sekta binafsi kuhama kazi na kusafiri nje, kwa masharti fulani, bila idhini ya mwajiri. Mageuzi hayo ya Saudi Arabia, hata hivyo, hayakuwagusa wafanyakazi wa ndani, madereva wa nyumbani wala wachungaji, kundi ambalo Waafrika Mashariki wengi wamo ndani yake.