Msalaba Uonekanao Kutoka Angani

Bariadini kanisa hutambulika kwa msalaba ulioinuliwa juu ya paa. Huko Lalibela, Ethiopia, msalaba ndilo jengo lenyewe. Kanisa la Mtakatifu Georgi, ambalo kwa mapokeo ni kazi ya zama za Mfalme Lalibela, yapata karne ya 13, lilichongwa kwenda chini katika mwamba mmoja, hata paa lake likawa sawa na ardhi. Picha za angani huonyesha umbo hilo kwa ukamilifu. Lakini picha ipigwayo wima haionyeshi mlango, wala waumini washukao kwa njia iliyochimbwa mwambani kwenda kusali. Kwa hiyo usharika utimizao miaka 100 hauna budi kuhifadhi, pamoja na picha ya jengo, kumbukumbu za washarika walioingia humo.